Mkongojo Mlangoni kwa Bi Melitona

Mwanamke anaweza kuachwa, na anaweza kufiwa. Quiteria Lodares alipatwa na la tatu, ambalo hata wazee wa Villalgaya hawakuwahi kulisikia: alilala mke wa mtu, akaamka mwali. Hakuna aliyemwacha na hakuna aliyekufa. Vita vilikwisha, walioshinda wakashika nchi, na Jumapili moja padri akapanda mimbarini akatangaza kwamba ndoa zote zilizofungwa mbele ya hakimu wakati wa Jamhuri, serikali iliyoshindwa, bila altare wala baraka, si ndoa tena. Anayetaka kuwa na mume aje kanisani aanze upya. Wanawake waligeuza shingo wakamtazama Quiteria kwenye benchi lake. Yeye alikuwa ameolewa mbele ya hakimu, katika ofisi ya manispaa, miezi michache kabla ya vita kuanza. Na mume wa kwenda naye kanisani kuanza upya hakuwapo. Alikuwa gerezani.

Hayo yalikuwa yamepita. Sasa ulikuwa mwisho wa Oktoba, mwaka wa arobaini na moja, na zafarani ilikuwa imechanua. Villalgaya hawasemi ua la zafarani, wanasema waridi, ingawa halifanani na waridi hata kidogo. Msimu wake hauna huruma. Lililochumwa alfajiri lazima lichambuliwe siku hiyo hiyo, maana likilala linanyauka na nyuzi zake nyekundu zinaharibika. Kwa hiyo mchana ule, kama nyumba zote za kijiji, meza ya Bi Melitona, mama yake Quiteria, ilifunikwa maua ya zambarau mpaka mbao hazikuonekana, na watu wanne walikuwa wamekaa kuizunguka wakichambua.

"Bwana Teodosio, nyuzi hazing'olewi kama magugu," alisema Rufina, jirani. "Shika kwa kucha mbili, vuta. Tazama ulivyoikata. Zafarani gani hiyo? Ndevu za panya."

"Vidole vyangu vimezoea magunia, bibi," alijibu Teodosio, akacheka kwa haya.

Alikuwa mjane wa makamo, mwenye kinu cha kukamulia mafuta ya zeituni, mtu wa kuja aliyehamia kutoka upande wa milimani baada ya vita. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomchosha Quiteria, kwamba hakuwa mtu mbaya, na kila alipokuja alikuja na kitu mkononi. Leo alikuwa ameleta mkate mweupe. Mwaka ule watu walikuwa wanakula mkate mweusi uliochanganywa na kila kisagikacho, na wengine hata huo hawakuupata. Mkate mweupe juu ya meza ulikuwa posa tosha.

"Mimi ningeolewa na huo mkate wenyewe," alisema Rufina, "mwanamume ningemwachia mwingine."

"Kula, mwanangu," Bi Melitona alimwambia Quiteria.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Upepo?" Bi Melitona hakuinua macho kwenye maua yake. Alikuwa mwanamke mfupi, amevaa nyeusi tangu kufiwa na mumewe, mwenye mikono myepesi kuliko vijana wote wa mtaa. "Bwana Teodosio amezungumza na padri. Padri anasema hakuna kizuizi. Bwana huyu anataka jibu tu kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote."

"Jibu nilishalitoa. Nina mume."

"Ulikuwa naye. Au ulikuwa na karatasi yake. Maji yakimwagika hayazoleki, Quiteria. Nusu mwaka sasa hajakuandikia hata neno. Mtu anayekutaka huandika hata kwa mkaa."

Quiteria alichukua ua jingine. Mpaka majira ya kuchipua barua zilikuwa zikija, fupi, zimekaguliwa na askari, lakini zinakuja. Kisha zikakatika. Alikuwa ameshalia peke yake nyuma ya banda la kuku, akiamini kwamba mumewe Ginés amekufa na kwamba hakuna aliyejali kumpa habari. Hakumwambia mtu. Angemwambia mama yake, siku hiyo hiyo angekuwa mjane, na mjane anaposwa upesi kuliko mwali.

Ndipo waliposikia mkongojo. Tok, tok, juu ya mawe ya barabara, ukija polepole, ukasimama mlangoni. Pazia la mlango likasogezwa.

Aliyeingia alikuwa mwanamume aliyevaa koti la mtu mnene kuliko yeye. Kichwa kimenyolewa, mashavu yameingia ndani. Quiteria alimjua kwa masikio. Zamani nywele nyingi zilikuwa zikiyaficha masikio yale, na ni yeye pekee aliyejua jinsi yalivyochomoza, maana ni yeye aliyekuwa akimkata nywele. Mikono yake, kwa ujinga wa mazoea, iliendelea kuchambua.

"Yesu na Maria!" Rufina alijipiga ishara ya msalaba. "Ginés Carrascosa!"

"Mungu awape mchana mwema," alisema Ginés.

"Leo unamtaja Mungu?" Bi Melitona aliuliza.

"Gerezani tulimtaja asubuhi na jioni, Bi Melitona. Aliyesahau hakupewa chakula."

Hakuna aliyemwambia akae. Alisimama akiegemea mkongojo, mguu wa kushoto ukigusa sakafu kwa ncha ya kiatu tu. Mkongojo wenyewe ulikuwa umechongwa vizuri, mpini umelainishwa. Kabla ya vita Ginés alikuwa fundi wa mikokoteni, na hakujua kuchonga kitu vibaya hata kama kilikuwa cha kumsaidia kuchechemea.

"Mguu umefanya nini?" Quiteria aliuliza. Sauti yake ilitoka kavu, kana kwamba anauliza bei ya vitunguu.

"Jiwe. Tulikuwa tunapasua mlima wapitishe reli." Alimtazama, kisha akatazama vidole vyake, ambavyo msimu ulikuwa umevipaka manjano mpaka kwenye kucha, akashusha macho. "Wamenifungua, lakini si kukaa hapa. Kijijini siruhusiwi. Nimepewa mchana wa leo tu, nichukue vyombo vyangu vya kazi, ambavyo vimeshatangulia stesheni, na treni ya jioni lazima iondoke nami. Koplo yuko pale pembeni, ananisubiri."

"Unakwenda wapi?"

"Requena. Mjomba ana karakana. Kuna chumba nyuma."

Teodosio alikuwa ameshasimama. "Karibu, bwana, kaa," alisema, akamsogezea kiti chake mwenyewe. Ginés alimwangalia kwa muda.

"Wewe ndiye mwenye kinu. Njiani wamenieleza. Wanasema u mtu mwema." Akamgeukia Quiteria. Ilionekana maneno yaliyofuata alikuwa ameyapanga tangu mbali, maana aliyasema yote kwa pumzi moja. "Quiteria, sikuja kukudai. Kisheria huna mume. Mimi nina jina baya, mguu mbovu na chumba nyuma ya karakana. Ndiyo maana niliacha kuandika, uzoee. Bwana huyu atakupa nyumba. Uko huru. Nilitaka uyasikie kinywani mwangu, usije ukasema nilikufunga."

Bi Melitona aliweka ua mezani.

"Haya, hilo ndilo neno la kwanza la akili nimelisikia kwake tangu nimjue. Rufina, mpe kipande cha mkate aende nacho."

"Mama, ngoja." Quiteria aliinuka. Maua yaliyokuwa mapajani pake yalimwagika chini, naye akayakanyaga, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa karibu na dhambi. "Umemaliza, Ginés?"

"Nimemaliza."

"Uliacha kuandika ili nizoee."

"Ndiyo."

"Mimi nikajua umekufa. Nimekulilia nyuma ya banda la kuku kama mwendawazimu, kuku wananitazama. Hivyo ndivyo ulivyonizoesha." Safari hii sauti haikuwa kavu. "Mbele ya hakimu tuliulizwa wawili. Mimi nikajibu, wewe ukajibu. Leo umejiuliza peke yako, umejijibu peke yako, umekuja kuniletea majibu. Nani amekutuma?"

"Nilitaka mema yako."

"Mema yangu! Serikali imeniambia sina mume, kwa mema yangu. Padri vilevile. Mama ananiambia kila siku akinichotea supu. Mtu mmoja tu nilimtegemea aseme kinyume, naye amekuja na mguu mmoja kutoka mlimani ili aseme vilevile."

Masikio ya Ginés yalikuwa yameiva kwa wekundu. Quiteria alimpenda wakati ule mpaka akatamani kumpiga.

"Usimkemee sana," alisema Bi Melitona. "Mpanda ngazi hushuka, na huyu ameshuka. Zamani hakuongea hivi. Zamani alikuja akakuchukua kwa muhuri, kama kifurushi cha posta. Mlangoni kwangu hakusimama. Vijana wote wa Villalgaya wamesimama, baba yako alisimama, babu yako alisimama mvua ikinyesha. Huyu akasema ni mambo ya kishamba."

Hicho ndicho kilichokuwa kidonda cha Bi Melitona, na aliyemjua alijua kwamba wala si siasa. Jamhuri kwake ilikuja ikaenda kama mvua ya mawe. Lakini mila ya Villalgaya ni hii: kijana anayetaka mke huja mchana kweupe, akasimama nje ya mlango wa wazazi wa msichana, akarusha fimbo yake ndani, akauliza kwa sauti ya kusikika na majirani, "Fimbo ndani au fimbo nje?" Wazazi wakiiacha fimbo ndani, amekubaliwa. Fimbo ikitoka, hata kwa bahati mbaya, mambo yamekwisha, na harudi kuuliza tena. Ginés, mwenye ujana na magazeti kichwani, alikuwa amesema mbele ya watu kwamba zama za kuombana wanawake kama mbuzi zimepita. Quiteria alikuwa amecheka, akaenda naye kwa hakimu. Mama yake hakuja.

Quiteria aliyafikiri hayo, kisha akanyoosha kidole mlangoni.

"Toka nje."

Bi Melitona alitabasamu. Rufina alishika kifua. Ginés aliinamisha kichwa na kugeuka.

"Toka nje, Ginés," Quiteria alirudia, "uingie kama watu wanavyoingia. Kama unataka. Kama hutaki, stesheni unaijua."

Ginés aligeuka nusu, akamtazama. Quiteria aliona kwamba amemwelewa, lakini hakuona zaidi ya hapo. Pazia likaanguka nyuma yake. Tok, tok, mkongojo ukasikika nje, hatua chache, ukinyamaza, ukisikika tena. Unakwenda au unarudi? Nyumba za pale zina kuta nene, na sikio linadanganyika.

"Ameondoka," alisema Bi Melitona.

Quiteria hakukaa wala hakusogea. Alihesabu makosa yake: hasira zake, ulimi wake, kumwaibisha mgonjwa mbele ya mtu aliyeleta mkate mweupe. Kama ameondoka, alijisemea, nitamfuata mpaka reli, mila nikaizike. Lakini hakutaka kumfuata. Alitaka sana, kuliko mkate, aombwe.

Pazia liliruka. Mkongojo uliingia ukiteleza juu ya vigae, ukampindulia Rufina kikapu, ukasimama chini ya meza.

"Bi Melitona!" Sauti ya Ginés ilisikika mtaa mzima. "Mkongojo ndani au mkongojo nje?"

Milango ya jirani ilianza kufunguka. Na hapo Bwana Teodosio, kwa wema wake wote, akainama chini ya meza, akauokota mkongojo.

"Maskini, umemponyoka," alisema. "Atatembeaje? Ngoja nimpelekee." Akashika njia ya mlangoni.

Mpaka leo Rufina anaapa kwamba Teodosio alijua alichokuwa anafanya. Wengine wanasema mtu wa milimani angejuaje. Quiteria hakungoja kuamua. Alipiga ukelele ambao haukuwa neno, akaruka benchi, akamshika bwana wa watu kwa mkanda wa suruali, akiwa amebakiza hatua moja kufika kwenye pazia.

"Usiutoe! Bwana Teodosio, kwa mapenzi ya Mungu, usiutoe!"

"Lakini ni kilema, bibi..."

"Lete hapa," alisema Bi Melitona.

Alikuwa amesimama. Alinyoosha mkono, na Teodosio, ambaye sasa alishaelewa kwamba kuna jambo asilolielewa, akampa. Bi Melitona aliugeuza mkongojo, akaupapasa mpini. Kisha akausogelea mlango, akabaki nyuma ya pazia bila kulifungua. Kati ya pazia na kizingiti kulikuwa na upenyo. Alichungulia. Quiteria, nyuma ya bega la mama yake, alichungulia pia. Ginés alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kiganja kimekamata ukuta wa chokaa, jasho linamtiririka shingoni, na majirani wanamtazama.

"Nani hapo?" aliuliza Bi Melitona, kama mila inavyotaka.

"Ginés, mwana wa Eleuterio Carrascosa, fundi mikokoteni."

"Unataka nini?"

"Namtaka Quiteria."

Mila ilikuwa inaishia hapo. Bi Melitona hakuishia hapo.

"Unamtaka binti yangu au mke wako? Sema vizuri, watu wanasikia."

Quiteria aliuona mtego. Akisema binti yako, basi siku ile kwa hakimu haikuwapo, na ile miezi michache waliyolala kitanda kimoja ilikuwa uzinzi, kama padri alivyosema. Akisema mke wangu, mama atasema basi hapa umekuja kuomba nini, na mkongojo utaruka nje. Tena kule pembeni koplo angeweza kusikia, na kwa mfungwa wa juzi kumwita mke mtu ambaye sheria inasema si mke lilikuwa neno la kumrudisha alikotoka.

Kisha Ginés akasema, bila kupaza sauti sana:

"Mke wangu. Lakini naja kumwomba kwako, kwa sababu zamani sikuomba. Nilikosea, mama."

Bi Melitona alisafisha koo mara mbili. Halafu akauegemeza mkongojo ukutani nyuma ya mlango, pale mumewe alipokuwa akiweka fimbo yake, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Uko ndani," alisema kwa sauti ya kawaida. Kisha akapaza: "Uko ndani! Mmesikia? Sasa fungeni milango yenu, maua yanawanyaukia."

Rufina alianza kulia. Bwana Teodosio alivaa kofia, akaivua, akauliza kwa upole kama mkate aubebe au auache.

"Uache, Bwana Teodosio," alisema Bi Melitona, "nusu yake wataila kwenye treni. Na wewe, Quiteria, usinitazame hivyo. Sikusema nimefurahi. Umechagua chumba nyuma ya karakana na mtu asiye na rafiki. Utalala njaa, na mimi sitakuwapo kukuchotea supu. Chukua shali nene, Requena kuna baridi."

"Mama..."

"Mkifika, kwanza kanisa, halafu kitanda. Umesikia? Kwanza kanisa. Nimeona watu wakiachanishwa kwa kukosa saini ya padri, na sitaki nione tena. Wacha wawamwagie hayo maji yao matakatifu, yaishe."

"Na mkongojo wake?"

"Mkongojo umebaki ndani. Ukishaingia hautoki mpaka harusi, hata kama ni wa kilema. Mila ni mila. Nitaupeleka mwenyewe siku mtakaponiambia mmefunga."

"Atafikaje stesheni?"

"Hilo ungeliuliza kabla ya kumtoa nje," alisema Bi Melitona, akarudi kwenye maua yake, akakaa akiwapa mgongo.

Quiteria alivaa shali, akafunga kifurushi bila kuangalia anachofunga, akatoka. Ginés alikuwa bado ameshika ukuta. Chokaa ilikuwa imempaka kiganja na shavu. Kwa karibu alinuka sabuni kali ya gerezani, na chini ya hiyo, kidogo tu, alinuka yeye mwenyewe.

"Nilikuja kukuacha huru," alisema.

"Najua. Shika bega."

"Nitakuwa mzito."

"Umekonda kama mwiko. Shika."

Alishika. Mwanzo walikosea hatua, wakagongana nyonga, wakasimama, wakaanza tena, yeye akitanguliza mguu wa kulia na Quiteria akimfuata. Mkono wake ulikuwa na uzito kweli, na Quiteria alifurahi kwamba ulikuwa na uzito. Wanawake milangoni waliwatazama walipopita, na mmoja au wawili walitikisa kichwa.

Pembeni ya barabara koplo wa Guardia, polisi wa vijijini, alikuwa ameegemea ukuta, bunduki begani, anavuta sigara. Alimtazama mfungwa wake, akamtazama mwanamke.

"Carrascosa. Uliingia na mkongojo, unatoka na mwanamke. Huyu ni nani wako?"

Quiteria aliuhisi mkono wa Ginés ukikaza begani. Alijua anatafuta neno la tahadhari, lile linalofunzwa gerezani, lisilo kweli wala uongo. Hakumpa nafasi ya kulipata.

"Mimi ndiye mkongojo wake, koplo," alisema. "Tupishe, treni haingoji."